Vifaranga Wasiotarajiwa katika Tangi la Samaki

Anunuaye samaki watano wadogo wa rangi za kupendeza na kuwaweka katika tangi la kioo sebuleni, au juu ya meza ya maabara ya shule, hudhani kwamba amenunua samaki watano. Baada ya majuma machache huamka asubuhi akawakuta ishirini na watano. Furaha ya siku hiyo huwa kubwa. Watoto huitwa waje kutazama, na wanafunzi husongamana mezani. Mwezi wa pili furaha hupungua. Mwezi wa tatu maji huanza kunuka, na mwenye tangi huanza kuuliza swali ambalo ilimpasa ajiulize dukani: hawa wote watakwenda wapi?

Majibu yatolewayo mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kununua tangi la pili, jibu ambalo huahirisha swali kwa miezi mitatu tu. La pili ni kuwachukua samaki waliozidi katika ndoo na kuwamwaga mtoni, bwawani au katika mfereji wa karibu, na kurudi nyumbani kwa moyo mweupe kama mtu aliyefungua mlango wa kizuizi. Jibu hili la pili ndilo baya kuliko yote yawezayo kutolewa, na ubaya wake unatokana na jambo lile lile linalolifanya lionekane zuri, yaani kwamba samaki hao hubaki hai.

Samaki aletaye shida hii kuliko wengine ni gapi, ambaye wataalamu humwita Poecilia reticulata. Asili yake ni vijito vya kaskazini-mashariki mwa Amerika ya Kusini pamoja na kisiwa cha Trinidad. Wilhelm Peters, Mjerumani, ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1859 kutokana na samaki waliotoka Venezuela. Miaka saba baadaye Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza, kwa kutojua kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanywa, alimpa samaki huyo huyo jina jingine kwa heshima ya Robert John Lechmere Guppy, aliyempelekea vielelezo kutoka Trinidad. Kwa desturi ya sayansi jina lililotangulia ndilo lililoshinda. Lakini midomoni mwa watu limebaki jina la Bwana Guppy.

Gapi hatagi. Mayai yake hukua na kuanguliwa ndani ya mwili wa mama, na vifaranga huzaliwa wakiwa tayari kuogelea na kujitafutia chakula. Dume hutambulikana kwa udogo wake, kwa rangi zake, na kwa pezi moja la chini, lile lililo nyuma ya tumbo, ambalo kwake limechongoka kama kijiti na ndilo apitishialo mbegu zake kwa jike. Mimba huchukua takriban majuma manne, kwa kutegemea joto la maji. Idadi ya vifaranga hutofautiana sana: jike kijana huweza kuzaa wachache wasiofika kumi, na jike mpevu aliyelishwa vizuri huweza kuzaa hamsini na zaidi kwa mara moja.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na ambalo huwashangaza wanafunzi hata wakadhani wameona muujiza. Jike akiisha kupandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, na kuzitumia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo jike mmoja, akiwekwa peke yake katika chupa, ataendelea kuzaa mwezi baada ya mwezi bila ya dume kuonekana. Na kwa kuwa madukani majike na madume huwekwa pamoja, ni salama zaidi kuchukulia kwamba kila jike mpevu anunuliwaye amekwisha kuchukua mbegu.

Hesabu ifuatayo yafaa ifanywe ubaoni na wanafunzi wa kidato cha pili. Tuseme jike mmoja huzaa vifaranga 20 kila mwezi, nusu yao wakiwa majike, na kila jike huanza kuzaa afikapo umri wa miezi minne. Tuseme pia kwamba hafi hata mmoja. Katika miezi minne ya kwanza watazaliwa vifaranga 80, kwa kuwa anayezaa ni yule jike wa kwanza tu. Mwezi wa tano mabinti kumi wa uzao wa kwanza watajiunga na mama yao, na watazaliwa 220. Mwezi wa sita wazazi watakuwa 21, na watazaliwa 420. Jumla kwa nusu mwaka ni vifaranga 720 kutoka kwa jike mmoja. Mwalimu asiishie hapo, bali awaulize wanafunzi kwa nini hakuna tangi lolote lililowahi kuonekana na samaki 720 kutokana na jike mmoja kwa muda huo.

Swali hilo lilijibiwa zamani kwa jaribio ambalo urahisi wake wastahili sifa. Mwaka 1932 C. M. Breder na C. W. Coates wa New York walitangaza matokeo ya matangi mawili ya gapi. Katika tangi moja waliweka jike mmoja mwenye mimba. Katika la pili waliweka samaki hamsini, wakubwa kwa wadogo. Waliwapa chakula na kuwaacha. Tangi la samaki mmoja liliongezeka, tangi la samaki hamsini likapungua, na mwishowe yote mawili yakatulia kwenye idadi moja: samaki tisa. Kilichofanya kazi hiyo hakikuwa ugonjwa wala njaa. Wakubwa waliwala vifaranga, na kadiri msongamano ulivyozidi ndivyo walivyowala zaidi.

Wengi huchukizwa na habari hii, na hukimbilia kununua kile kisanduku cha plastiki chenye matundu ambamo jike mwenye mimba hutengwa ili vifaranga wapone. Kifaa hicho kinamfaa mfugaji aliyekusudia kukuza mbegu fulani na ambaye anajua atakapowapeleka vifaranga wake. Kwa mtu aliyeshtukizwa na uzazi asioutaka ni kifaa cha kujiongezea taabu. Tena jike anayesukumwa ndani ya nafasi finyu huhangaika, na huweza kutoa mimba kabla ya wakati. Katika vijito vya Trinidad gapi huliwa na samaki wakubwa kila siku, na wingi wa uzazi wake ndio unaolingana na wingi wa vifo hivyo. Mfugaji anayeondoa vifo na kuuacha uzazi jinsi ulivyo amevunja mizani, na itampasa aishike yeye mwenyewe.

Samaki wakizidi, mauti hayaondoki. Hubadili sura tu. Kila samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Katika tangi lililokomaa, bakteria waishio juu ya mchanga na katika kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina madhara makubwa. Lakini bakteria hao huongezeka polepole, na samaki waliozaliwa kwa wingi huwatangulia. Pamoja na hayo liko suala la hewa. Maji ya nyuzi 25 za Sentigredi huweza kubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa kila lita, na ya nyuzi 30 hayazidi miligramu 7.6 hivi. Kwa hiyo katika miji ya pwani, mwezi wa Februari, tangi lililojaa huwa karibu na hatari usiku kucha. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, samaki watakutwa asubuhi wamepanda juu wakitweta, na wengine wamekwisha kufa. Huo ndio mwisho wa vifaranga waliookolewa kwa huruma, na hauna huruma zaidi kuliko kumezwa siku ya kwanza.

Njia iliyo bora ni kuzuia uzazi, na kuzuia maana yake ni kutenga. Asiyetaka vifaranga afuge madume peke yao. Kwa bahati njema hao ndio wenye rangi. Aliyekwisha kuwa na vifaranga awaangalie tangu umri wa majuma manne, kwani ni wakati huo ambapo lile pezi la dume huanza kuchongoka, na awatenge mara alionapo. Akingoja mpaka rangi zikolee atakuwa amechelewa. Madume wawaendao mno majike huwachosha, kwa hiyo hata anayevumilia uzazi afanye vyema kuweka majike wengi kuliko madume. Afikiriye kupunguza uzazi kwa kuwanyima samaki chakula ajue kwamba atapata samaki dhaifu, na uzazi utaendelea.

Kwa shule, hata hivyo, uzazi usiotarajiwa si hasara tupu. Mwaka 1920 Johannes Schmidt wa Denmaki alionyesha kwa gapi kwamba doa fulani la rangi hurithiwa na wana wa kiume kutoka kwa baba pekee, na hivyo akatoa mojawapo ya mifano ya kwanza ya urithi upitao katika kromosomu ya Y. Mwaka 1958 Ralph Silliman na James Gutsell wa Marekani walitangaza jaribio lingine, ambalo linazihusu nchi zenye maziwa na wavuvi kuliko linavyohusu mapambo ya sebuleni. Walifuga jamii za gapi na kuwavua kila baada ya majuma matatu kwa viwango mbalimbali. Ilipovuliwa sehemu ya wastani jamii ilijazia pengo, na mavuno yakaendelea. Ilipovuliwa robo tatu kila mara, jamii ilitoweka. Shule yenye matangi mawili, daftari na uvumilivu wa mwaka mmoja yaweza kulirudia jaribio hili kwa kiasi chake. Ni ajabu kwamba michoro ya mavuno ya samaki hukaririwa kwa ajili ya mtihani, na huku tangi lenye samaki wasiojulikana la kuwafanyia limekaa pembeni mwa darasa.

Jambo hubadilika uzito tunapoacha gapi, ambaye ni mgeni, tukafikia samaki wa maji yetu wenyewe. Furu wa Ziwa Viktoria, na jamaa zao wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, hufugwa majumbani ulimwenguni kote. Miongoni mwa furu wa Ziwa Viktoria yupo mmoja mwenye mgongo mwekundu aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliofanya kazi Mwanza, nao wakampa jina nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Baadaye, mwaka 1998, aliwekwa katika jenasi mpya iliyopewa jina la Kiswahili, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Anaye jamaa wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye madume wake wana rangi ya samawati iliyofifia. Majike wa aina hizi mbili hufanana mno, hata mtaalamu huweza kuwachanganya.

Jike wa furu hubeba mayai yake mdomoni, na huwabeba hivyo hivyo vifaranga waliokwisha kuanguliwa. Kwa muda wa majuma mawili na zaidi huonekana amevimba kidevu na hali chakula. Humchagua dume kwa kutazama rangi. Ole Seehausen na wenzake walijaribu hili katika matangi: chini ya mwanga mweupe majike walichagua madume wa aina yao, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, ambamo wekundu na usamawati havitofautiani, walichagua ovyo. Mwaka 1997 watafiti hao hao walikwisha kueleza kwamba ziwani nako, mahali ambapo maji yamechafuka kwa mbolea na taka zitiririkazo kutoka nchi kavu, rangi za samaki zimefifia na aina zimeanza kuchanganyika. Chotara wao huzaa bila ya tatizo. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo: ukuta unaozitenga aina hizi mbili haumo katika damu zao kwa nguvu, umo zaidi katika macho ya jike na katika weupe wa mwanga.

Basi mfugaji aliyeweka pamoja furu wa aina mbili, akawamulikia taa ya rangi kwa ajili ya urembo, amejenga pasipo kujua ziwa lililochafuka. Hata bila ya taa hiyo, jike asiyepata dume wa aina yake mara nyingi humkubali aliyepo. Vifaranga watakaotokea hawana jina. Mtu akiwagawa kwa marafiki au akawauza kwa jina la mama yao, kosa hilo litazaliana tangi hadi tangi, na hakuna atakayeweza kulirekebisha. Hili si jambo la kuchezea, kwani baada ya sangara kuletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hasa alipoongezeka katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka ziwani, na baadhi ya zile zilizobaki hutunzwa katika matangi ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Tangi likiisha kuwa ghala la mbegu, usafi wa mbegu ndio thamani yake yote. Kwa hiyo chotara wasitoke katika tangi walimozaliwa. Aina mbili za karibu zisikae pamoja, na kila tangi liwe na kibandiko kinachotaja jina la samaki, mahali alipovuliwa na tarehe.

Sasa turudi kwa yule mtu mwenye ndoo mtoni. Wapo watakaosema kwamba gapi watano katika mto mkubwa ni kama chumvi katika bahari. Lakini jike mmoja mwenye mbegu mwilini anatosha kuanzisha jamii nzima, kama hesabu ya ubaoni ilivyoonyesha. Wengine watasema kwamba gapi hula viluwiluwi vya mbu, na kwamba kwa sababu hiyo serikali nyingi zilimsambaza kwa makusudi katika karne iliyopita. Ni kweli alisambazwa, na leo anapatikana katika mito ya nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Lakini Afrika Mashariki inao samaki wake wadogo walao viluwiluwi. Katika madimbwi ya msimu ya ukanda wa pwani na Unguja huishi samaki wa jenasi Nothobranchius, ambao mayai yao hustahimili kiangazi ndani ya tope kavu na kuanguliwa mvua zirudipo. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, hapatikani porini mahali pengine popote ila Unguja. Kumwaga samaki mgeni katika maji ya namna hiyo ni kucheza kamari kwa mali isiyo yetu peke yetu.

Mgeni haji peke yake. Mnyoo uitwao Camallanus cotti ulifika Hawaii pamoja na samaki wa jamii ya gapi, na sasa huonekana katika matumbo ya samaki wa asili wa vijito vya visiwa hivyo. Tena wageni si lazima watoke mbali na kwetu: samaki-simba wenye miiba ya sumu, wakazi wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, walionekana katika pwani ya Florida mwaka 1985, yamkini kutoka katika matangi ya wafugaji, na leo wameenea katika bahari yote ya Karibi wakila samaki wachanga wa matumbawe. Hapa Tanzania kwenyewe, utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sato waliopandikizwa nje ya maji yao ya asili wamezaana na perege wenyeji katika baadhi ya mito na mabwawa. Samaki akiisha kuzagaa mtoni hakuna wavu wa kumrudisha.

Linabaki lile ambalo watu wazima hawapendi kulisema mbele ya watoto: samaki waliozidi, wasiopata mtu wa kuwafuga, huenda ikabidi wauawe. Hakuna haja ya kulificha. Mwanafunzi anayekula dagaa kila juma aweza kulielewa. Gapi waliozidi, walio wazima na wasiotiwa dawa, ni chakula kizuri cha kambale wa bwawa la shule au cha bata, na huo ndio mwisho ulio karibu zaidi na ule wa vijito vya Trinidad. Wasitupwe chooni, na wasiachwe kufia nje ya maji. Njia zote mbili huchelewesha mauti bila ya faida yoyote.

Pasipokuwa na bwawa wala bata, iko njia ambayo madaktari wa mifugo huikubali, na malighafi yake inatoka Unguja na Pemba. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujenoli, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki usingizi, na kwa kiasi kikubwa humfisha bila ya kuzinduka. Huhitajika takriban nusu mililita kwa kila lita ya maji. Mafuta hayachanganyiki na maji kwa urahisi, kwa hiyo sharti yatikiswe kwanza katika chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo yamiminwe katika chombo kilichojazwa maji ya tangi lile lile. Samaki watulie humo mpaka mifuniko ya matamvua iache kupwita, na baada ya hapo waachwe nusu saa nyingine. Kazi hii aifanye mwalimu, wala si wanafunzi, na chombo hicho kisitumike tena kwa samaki walio hai. Samaki waliokufa hivyo wasipewe kiumbe yeyote kuwa chakula. Wafukiwe katika bustani ya shule, mbali na mfereji.